Kisigino Changu na Ufagio wa Mama Kabula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa viti vya nyuma, asifiwe na wale mlioko nje ya dirisha! Leo nimesimama mbele yenu kwa nyayo zote mbili, kisigino kimekaa chini, wala sijaegemea mimbari. Na kama mnavyoona, nimevaa raba. Najua kuna macho yameshatua kwenye hizi raba. Zitazameni tu, nitazieleza.

Kwa msionifahamu, naitwa Penina, Mama Jesca, mzaliwa wa Ukerewe, mpangaji wa huko juu kwenye vilima vya mawe vya Mkuyuni. Kazi yangu ni kukata minofu ya sangara kiwandani, kule chini ziwani. Huu ni ushuhuda wangu wa nne juu ya mguu huu huu wa kulia. Najua, najua. Mchungaji anacheka pale. Aliponiona nimenyoosha mkono aliniuliza kwa upole kama ni kisigino tena. Nikamwambia ndiyo, ni kisigino, ila safari hii nimekuja kuzifuta zile shuhuda tatu za kwanza. Basi nipeni masikio yenu, maana nilichokiharibu kwa kipaza sauti hiki nataka kukitengeneza kwa kipaza sauti hiki hiki.

Nianze pale nilipokuwa. Kiwandani sisi wakataji tunasimama tangu kuingia mpaka kutoka. Sakafu ni ya saruji, na imelowa maji muda wote. Tunavaa mabuti ya mpira, na ndani ya yale mabuti mguu hauna cha kuushika, unaelea tu kama samaki ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi sikujali. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa kisu, nikisifiwa nasimama wima zaidi. Nikitoka hapo napanda mawe kwenda nyumbani kwa ndala zilizolika mpaka zimekuwa nyembamba kuliko chapati. Na alfajiri, kabla ya kazi, nashuka kuja hapa kwenye maombi. Mnajua utaratibu wetu wa alfajiri: viatu vinabaki mlangoni kwa heshima, tunaomba tukitembea huku na huku peku kwenye saruji. Mimi nilikuwa wa kwanza kuvua na wa mwisho kuvaa. Nilijivunia hilo, nisiwadanganye.

Mvua za vuli zilipoanza, siku moja niliamka, nikashusha mguu kitandani, nikahisi kama nimekanyaga msumari. Niliinama nikautafuta huo msumari! Nikafagia chini ya kitanda, nikakung'uta mkeka, hakuna kitu. Nikatoka nimekunja mguu, nakanyagia ukingo wa unyayo, nikashuka mawe hivyo hivyo hadi hapa. Nikavua ndala, nikaanza kuomba nikitembea. Kabla hatujamaliza sifa, maumivu yameyeyuka! Nikaruka hapa mbele, wengine mtakumbuka, nikatoa ushuhuda wangu wa kwanza. Mkanishangilia kwa vigelegele.

Kesho yake naamka, nashusha mguu, msumari uko pale pale.

Ndugu zangu, hebu jiwekeni mahali pangu. Kila asubuhi nikitoka kitandani mguu unanichoma mpaka machozi. Kila asubuhi nikifika kwenye maombi, baada ya kutembea kidogo, unaachia. Halafu nikienda kazini nikasimama kutwa, jioni unauma tena. Nikilala, asubuhi ndiyo kabisa! Nikatoa ushuhuda wa pili, nikasema adui ananipiga kitandani nisije kwenye maombi, na Bwana ananiponya madhabahuni. Ilinikaa vizuri sana kichwani. Lakini ilileta swali ambalo lilinipotosha. Kama Bwana ananiponya kila siku, ni nani anayeurudisha ugonjwa kila siku?

Na katika uwanja wetu, mtu mmoja tu huwa ameamka kabla yangu.

Mama Kabula ni mzee wetu pale nyumbani. Chumba chake ni cha mwisho, karibu na mwamba mkubwa. Ni Msukuma wa upande wa Magu, nywele zake ni nyeupe zote, watoto wake wako mbali huko Geita, anaishi peke yake na kuku wake wawili. Hasali na sisi. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Na kila alfajiri anafagia uwanja wote, mbele ya vyumba vyote vitano, bila kuombwa na mtu. Ni mazoea yake, amelelewa kwamba jua lisikute uchafu mlangoni.

Mimi nilianza kumchungulia kupitia pazia. Nikaona kitu. Kwenye milango mingine ufagio wake unapita haraka haraka. Akifika mlangoni kwangu anapunguza mwendo, anainama, anaokota kitu kwa vidole, anakitupa nyuma ya mwamba. Anainama tena. Kila siku! Moyo wangu ukaniambia: huyu haokoti, huyu anaweka.

Hapo nikaacha kumwamkia. Ndugu zangu, mimi niliyelelewa na bibi yangu Ukerewe, mimi niliyechapwa kwa kupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo, nikawa napita mbele ya mama wa umri ule nikitazama ziwa. Yeye akasubiri siku mbili tatu. Alipoona kimya, akaanza kunisalimia yeye, mkubwa kumsalimia mdogo. Akawa ananiuliza mguu unaendeleaje. Nami hilo nikalichukua kuwa ushahidi. Nani amemwambia habari za mguu wangu? Kumbe nilikuwa nachechemea uwanja mzima, hata kuku wake walikuwa wanajua.

Ndipo nikaja hapa kutoa ushuhuda wa tatu. Huo sihitaji kuwakumbusha. Nilisema nimefunuliwa anayenirudishia ugonjwa, nikasema ni jirani anayefagia alfajiri. Nikajipongeza kwamba sikutaja jina. Jamani! Mkuyuni nzima ile sehemu yetu kuna ufagio mmoja wa alfajiri. Ni kama kusema sikumtaja mchungaji, nimesema tu yule anayehubiri hapa.

Haikupita wiki. Watoto waliokuwa wakikimbilia kwake kupewa viazi vitamu wakaitwa na mama zao. Akienda bombani kuteka maji, wanaotangulia wanahamisha ndoo zao. Shikamoo zikakatika, siyo yangu tu, zote. Na kuna neno lilianza kusemwa nyuma yake, sitalitamka mahali hapa. Mnalijua. Mnajua pia katika mikoa yetu hii neno hilo limewafikisha wapi mama wazee wasio na kosa, ambao nywele zao zilikuwa nyeupe tu kama za mtu yeyote aliyeishi. Mimi ndiye nililianzisha, kwa kinywa hiki, nikiwa nimevua viatu kwa heshima.

Mama Kabula hakugomba na mtu. Aliacha tu kufagia. Ufagio ukaegemezwa ukutani kwake, uwanja ukabaki na majani.

Siku ya nne tangu auache ule ufagio, mvua ilinyesha usiku. Asubuhi nikaamka, nikashusha mguu, msumari. Nikatoka mlangoni peku kama kawaida yangu, nimekunja mguu nisikanyagie kisigino, uzito wote uko kwenye ukingo wa nje. Mlango wangu uko chini ya mteremko, mvua ikinyesha kokoto zinaporomoka zinatua pale pale kizingitini. Sikuwahi kulijua hilo. Sikuwahi kuzikuta. Siku hiyo nilizikuta. Nilikanyaga kokoto moja, mguu ukageuka ndani, nikasikia kifundo kimelia, nikaenda chini na beseni langu.

Nililia kwa sauti ndugu zangu, nisijifanye shujaa. Wapangaji wakatoka. Mmoja akaja na maji ya moto, mwingine akashika mguu anataka auvute unyooke, mwingine anatafuta mafuta ya kuchulia. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Ndipo nikaona watu wanapisha. Mama Kabula alikuja polepole, akapiga goti, akaondoa ile mikono yote mguuni pangu.

"Msiuvute," akasema. "Na hayo ya moto yarudisheni jikoni. Nileteeni maji ya mtungini."

Wakamtii. Walikuwa wanamwogopa, lakini alisema kama mtu anayejua, basi wakatii. Akaupandisha mguu wangu juu ya ndoo iliyofunikwa, akalowesha kitambaa kwenye maji baridi, akakizungusha, kikipata joto anakilowesha tena. Akaniambia nichezeshe vidole. Akaniuliza ganzi ipo. Akaubonyeza mfupa taratibu, huku na huku, akinitazama usoni. Akaniambia nijaribu kusimama, hatua moja tu. Sikuweza. Akasema basi huu mguu unakwenda hospitali ukapigwe picha, hakuna mtu wa kuuchezea hapa, maana kuvimba peke yake hakukwambii kama mfupa umevunjika au ni mishipa imevutika tu.

Halafu akafanya jambo moja zaidi. Akaweka kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, mbele kidogo, akabonyeza. Niliruka! Akatikisa kichwa.

"Cha kifundo ni cha leo," akasema. "Hiki cha kisigino kimetoka kiwandani. Mimi nilikaa nacho miaka miwili kwenye pamba, kwenye saruji kama ya kwenu."

Nikamuuliza, sijui nilipata wapi uso wa kumuuliza, alikuwa anaokota nini mlangoni kwangu.

"Kokoto, mwanangu. Nilikuona unatoka peku unakanyagia pembeni. Nikasema ukikanyaga moja utaanguka."

Ndugu zangu! Nilikuwa nimekaa kwenye tope, mguu juu ya ndoo, na yule mama ameshika unyayo wangu mapajani kwake kama mama anayemkata mtoto kucha. Aibu iliyonipata, kifundo kile hakikuwa kitu.

Akanisindikiza hospitali. Kwa bahati mfupi ulikuwa mzima, ni zile kano zinazoshika kifundo zilivutika. Wakanifunga bandeji, wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye miwani. Huyo naye namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo. Nilidhani atanitazama mguu. Yeye akaanza kwa kuomba viatu vyangu! Akaziweka ndala zangu mezani, akazigeuza, akanionyesha zilivyolika. Akaniuliza nasimama juu ya nini, kwa muda gani, kwa buti la namna gani. Akaniuliza maumivu ya kisigino yanakuja saa ngapi. Nikamwambia hatua za kwanza nikiamka. Akaniuliza, na ukishatembea kidogo? Nikamwambia yanaachia.

Akacheka kidogo, akasema huo ndio ugonjwa wenyewe unavyofanya, kwa kila mtu. Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, umeshika kisiginoni umeenda hadi vidoleni, ndio unaobeba upinde wa mguu. Ukisimama sana kwenye kitu kigumu, bila kiatu cha kuushika unyayo, na misuli ya nyuma ya mguu ikiwa imekaza kwa kupanda na kushuka mawe, ule utando unachanika kidogo kidogo pale kisiginoni. Ukilala unajikunja. Asubuhi ukikanyaga ghafla unavutwa, unachoma kama msumari. Ukitembea kidogo unapata joto, unalegea, maumivu yanashuka. Ukisimama kutwa unarudi.

Nilikaa kwenye kile kiti nikaziona shuhuda zangu tatu zinaanguka moja baada ya nyingine. Hakuna aliyekuwa anaurudisha. Ulikuwa haujawahi kuondoka! Na maombi ya peku kwenye saruji, niliyokuwa najivunia, yalikuwa yanauongezea.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Mungu haponyi. Mimi ndiye huyu hapa, ameniponya. Nasema aliniletea uponyaji mlangoni kwangu kila alfajiri, umeshika ufagio, nikaukemea.

Sasa niwaambie tulivyoutibu, maana najua humu ndani kuna visigino vingi. Nawaona mnavyokaa! Asubuhi, kabla ya kushusha mguu kitandani, navishika vidole vya mguu navivuta kuelekea kwangu taratibu, mara kadhaa, mpaka nisikie utando unanyooka. Ndipo nashuka, na nashukia kwenye kiatu, siyo kwenye saruji. Halafu nasimama kuelekea ukuta, mguu mbovu nyuma, kisigino chini, najisukuma mbele mpaka nyuma ya mguu ivutike. Jioni nikirudi nazungusha unyayo juu ya chupa ndogo ya maji iliyoganda barafu. Mama Kabula alivyosikia hilo akacheka, akatoa mchi wake wa kutwangia, akaulaza chini, akaniambia wao enzi zao kiwandani walizungusha huo. Yule kijana wa miwani na Mama Kabula hawajawahi kukaa wakazungumza, lakini walikuwa wananifundisha somo moja!

Kifundo nacho hakikutakiwa kulazwa milele. Siku za kwanza kipumzike, kikae juu, kipate baridi. Uvimbe ulipoanza kupungua nikaambiwa nikichezeshe, niandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Mwanangu Jesca akawa ananipa imla! Baadaye nikajifunza kusimama kwa mguu mmoja nimeshika ukuta, ili kifundo kijifunze tena kunishika. Kazini nikaomba, wakanipa kibao cha kukanyagia na muda wa kukaa kidogo, na ndani ya mabuti nikaweka soli laini. Na hizi raba ni za mtumba, soli nene, kisigino kimeinuka kidogo. Mtaalamu alizikunja kwa mikono akaona hazikunjiki katikati, akaniambia hizi ndizo. Mchungaji akanipa ruhusa nizivae hata alfajiri. Akasema heshima haiko chini ya soli.

Haikuwa ya siku moja. Ilichukua miezi. Kuna asubuhi nilikata tamaa nikataka kurudi kukoromea mashetani. Lakini kila alfajiri nikiwa bado kitandani nilikuwa nasikia kikohozi nje ya mlango wangu. Mama Kabula. Hasemi kitu. Anakohoa tu, kunikumbusha nivute vidole kwanza. Kisha naisikia sauti ya ufagio, polepole, mlangoni kwangu. Ameurudia ufagio kwa ajili ya mlango mmoja tu, wa yule aliyemharibia jina. Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu. Sijasikia yaliyonipiga kama ile sauti ya ufagio.

Ningependa niishie hapo mshangilie, nikae. Lakini ushuhuda haujaisha, na hii sehemu ndiyo iliyonifanya ninyooshe mkono leo.

Nilipoanza kukanyaga vizuri, nilichukua sangara mmoja mkubwa na kanga jozi, nikaenda kwa Mama Kabula, nikapiga magoti jikoni kwake. Nikamwomba msamaha kwa yote. Nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyanyua, akaniweka kwenye kigoda. Kisha akaniambia maneno ambayo nimelala nayo tangu siku ile.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila ulinisema kanisani kwa kipaza sauti. Msamaha umeniletea jikoni."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anapara samaki.

Mimi nikamwahidi nitasimama kanisani. Na nikaahirisha. Nikajiambia ngoja nipone kabisa, nisimame vizuri, ushuhuda uwe na nguvu. Jumapili ikapita, nyingine ikapita. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mguu ulikuwa umeshapona, nikawa nautumia kama kisingizio. Mpaka wiki iliyopita, nikamkuta Mama Kabula anafunga vyombo vyake kwenye gunia. Mwenye nyumba amemwambia ifikapo Ijumaa hii inayokuja awe amehama, kwa kuwa wapangaji hawana amani. Ana umri ule, na goti lake bovu, ahame aende wapi? Na popote atakapokwenda katika vilima hivi, neno lile litamtangulia. Nilikaa juu ya lile gunia nikaona kwamba mimi nimepona, yeye bado anaumwa ugonjwa wangu.

Baba yangu mwenye nyumba, nakuona pale safu ya pili. Shikamoo baba. Sikukuambia nitasema haya, nisamehe. Wewe ulisikia neno kutoka kwangu, mahali hapa, ukaliamini kwa sababu lilisemwa mahali hapa. Basi lisikie na hili kutoka mahali hapa hapa. Mama Kabula hakuwahi kuniwekea kitu mlangoni. Aliniondolea kokoto. Nilikosea. Nilisema uongo nikidhani ni ufunuo. Kama kuna mtu wa kuhama kwa kuharibu amani ya nyumba yako, ni mimi wa chumba cha tatu. Nakuomba mbele ya hawa wote, mwache mama akae.

Ameitikia kwa kichwa. Mmemwona? Mmemwona ninyi nyote? Bwana asifiwe! Asante baba. Asante sana.

Na ninyi ndugu zangu wenye visigino, nawasihi. Ukiumwa mguu, omba, omba sana, lakini nenda ukapimwe. Ukiona umevimba ghafla, umepata joto, una ganzi, umeanguka huwezi kukanyaga, au una kisukari na kidonda hakikauki, usisubiri Jumapili. Tazama viatu vyako. Tazama sakafu unayosimama juu yake. Yatazame hayo kabla hujamtazama jirani yako. Mtumaini Bwana, ana mikono mingi, na mingine haijawahi kuinuliwa humu ndani. Usimpangie aje kwa mkono gani.

Namaliza, mchungaji, namaliza. Nilipoanza niliwasalimu wale mlioko nje ya dirisha. Sikuwasalimu bure. Pale nje kwenye benchi, upande wa kivulini, amekaa Mama Kabula. Nilimwomba aingie akakataa, akasema atasikilizia hapo hapo, asije akamkosesha mtu amani ya ibada. Amesikia kila neno. Ni miezi mingi, ukiniondoa mimi, hakuna mtu katika mtaa huu aliyemwamkia.

Sitaki vigelegele leo. Tukitoka, kila mmoja wetu apite pale kwenye benchi, asimame, ampe mama shikamoo yake, moja moja, nyie na watoto wenu. Najua mstari utakuwa mrefu. Mtasimama, miguu itawauma kidogo.

Mimi natangulia.